Wakili Aliyeleta Mwati na Harika

Gauni jeusi la wakili lilikuwa limening'inia katika duka moja la dobi mjini Nyeri tangu bendera ilipobadilishwa. Mwenyewe, mzungu mrefu aliyekohoa sana, alipanda ndege kurudi kwao bila kulichukua na bila kuaga. Mpiga pasi wa duka hilo, Wamae, alilipiga pasi kila Jumamosi kwa unyenyekevu, kama mtu anayemvisha marehemu. Halafu siku moja alilivaa, aone tu. Kwenye kioo cha duka akamwona bwana mmoja ambaye yeye mwenyewe, wakikutana njiani, angemwamkia kwanza na kumpisha.

Misiba mingi ya nchi imeanza hivyo, kwa mtu kujipendeza kwenye kioo. Lakini tusimhukumu mapema.

Siku hizo kulikuwa na sheria iliyowanyima wanaume usingizi. Mwanamke aliyezaa nje ya ndoa aliweza kumpeleka baba wa mtoto kortini, na hakimu akamwamuru baba huyo atoe matunzo kila mwezi. Wanaume waliokuwa wamelala msituni na chui bila kutetemeka, sasa walitetemeka wakimwona msichana aliyebeba mtoto mgongoni akipanda ngazi za korti. Wamae alipeleka nguo kwa makarani asubuhi moja akakutana na mwenye bucha mashuhuri akitoka kwa hakimu. Uso wa mtu yule ulikuwa mweupe kama mafuta ya figo. Nyuma yake walisimama wanaume wengine, nao walikuwa wakihesabu dhambi zao kwa vidole.

Wamae akaona mambo mawili kwa wakati mmoja. Upande huu kuna hofu. Upande ule kuna akina mama wasiojua wakili hupatikana wapi. Na katikati pana nafasi wazi, upana wake sawasawa na mtu mmoja aliyevaa gauni.

Kazi ilikuwa rahisi. Alimngoja mama mwenye mtoto karibu na ofisi za mawakili, akamwambia yeye ndiye wakili wa watoto, akapokea kitu kidogo cha kufungua faili. Kisha alimwendea baba, akamtisha, akapokea kitu kikubwa cha kufunga faili hilohilo. Mama akirudi kuuliza, Wamae alimpa neno alilolisikia kortini akalipenda kuliko jina la mama yake. Mensheni. Siku ya mensheni kesi hutajwa tu, kila mtu hurudi nyumbani, na hakuna mwenye kosa. Kesi zote za Wamae zilikuwa kwenye mensheni.

Alikuwa na upungufu mmoja, ingawa yeye aliuita sifa. Alikulia Nanyuki, karibu na kambi ya wanajeshi, mahali mama yake alipokuwa mpishi. Kiswahili alikijua kwa wafanyabiashara Wasomali, Kiingereza alikijua kwa mbwa wa wazungu, ambao hawakuelewa lugha nyingine. Lakini Kikuyu cha wazee alikisikia kama redio iliyoishiwa betri. "Mambo ya shamba sijui," alipenda kusema, akinyoosha tai. "Mimi ni mtu wa lami."

Ngendo alitoka Endarasha, ambako baridi huingia nyumbani kabla ya wageni. Mtoto wake, Watiri, alikuwa ndio kwanza anatembea. Jina hilo lilikuwa la nyanya mzaa mama, kwa kuwa upande wa pili, ambao ndio ulipaswa kutoa jina la msichana wa kwanza, ulikuwa umefunga mlango. Mwenye mlango huo aliitwa Mutahi, na alikuwa na lori la kubeba viazi. Ngendo hakutaka mlango ufunguliwe. Alitaka tu mtoto asilale na kikohozi katika nguo za kuazima, na siku moja aende shule kama mtoto yeyote.

Alitafuta wakili siku nzima. Ofisi ya kwanza, karani alimtazama miguu iliyojaa matope, akamwambia bwana mkubwa ameenda Nairobi. Sauti ya bwana mkubwa ilisikika nyuma ya mlango ikiagiza chai. Ofisi ya pili ilikuwa ya wakili wa mashamba.

"Huyu mtoto ana hati?" wakili aliuliza bila kuinua macho.

"Ni mtoto, bwana. Sio shamba."

"Ndiyo shida yake."

Ofisi ya tatu ilikuwa ya Bwana Simeon Ngatia, mtu mnene, mpole, aliyemsikiliza mpaka mwisho na kumpa Watiri kalamu ya kuchezea.

"Mama Watiri," alisema, "neno lako peke yako halitoshi mbele ya hakimu. Niletee mtu mmoja asiye wa nyumba yenu, aliyemwona huyo bwana akitoa chochote kwa ajili ya mtoto. Chochote. Hata kipande cha sabuni."

"Hajatoa hata sabuni."

"Basi hatuna kesi. Tuna masikitiko tu." Akaichukua kalamu yake polepole, asije akamliza mtoto.

Ngendo alikuwa akishuka ngazi za ofisi hiyo wakati bwana mmoja mwenye gauni jeusi mkononi alipomzuia njia kwa adabu kubwa.

"Wewe unatafuta wakili wa mtoto," Wamae alisema.

"Umejuaje?"

"Mwenye kesi ya shamba hushuka hapa akimlaani ndugu yake. Wewe umeshuka kimya. Ngatia amekuambia nini?"

"Ati nilete shahidi. Mtu aliyeona Mutahi akitoa hata sabuni."

"Shahidi!" Wamae aliinua macho mbinguni. "Hiyo kitu unafanya mbele ya shahidi? Kwani ni harusi?"

Ngendo hakutaka kucheka, lakini alicheka. Ulikuwa umepita muda mrefu, na kicheko kilitoka kwa kukwaruza, kama mlango wa ghala. Hivyo ndivyo Wamae alivyowapata wengi, na huenda ndiyo sababu ni vigumu kumchukia kabisa.

"Mimi sihitaji shahidi, mama. Mimi niko na gauni. Mshitakiwa ni nani?"

"Mutahi. Ule wa lori, huko kwetu Endarasha."

Moyo wa Wamae uliruka. Lori! Wateja wake wa kawaida walikuwa makarani na walimu, watu wa baiskeli.

"Kesi imeanza," alisema. "Kufungua faili ni jogoo mmoja."

Ngendo alikuwa amekuja na jogoo huyo kwapani ili amuuze na kununua dawa ya kikohozi. Alimtazama jogoo, akamtazama mtoto, akamtoa. Kuna watu ambao hapo wangeona haya. Wamae alimpapasa jogoo kifuani kuona kama amenona.

*

Mutahi alikuwa dukani kwake, akipima mbolea, na alikuwa katika hali njema ya moyo, kwa sababu kanisa lilikuwa karibu kumchagua kuwa mzee. Wamae aliingia na gauni likining'inia mkononi kama kunguru aliyekufa.

"Bwana Mutahi, nimekuja kwa jambo la mtoto."

"Mtoto gani?"

"Kama ni wengi, nitafutie kiti."

Mutahi alifunga mlango wa duka kwa mguu. "Ongea polepole! Bibi yangu iko hapa nyuma. Nani amekutuma?"

"Sheria."

"Sheria ni ya nyumba gani?"

"Sheria, bwana, imetoka kwa mama ya Watiri, inapita kwangu, inaenda kwa hakimu. Ikipita kwangu inaweza kuchoka njiani, ikalala. Inategemea imelishwa nini."

Mutahi alielewa lugha hiyo vizuri, maana ndiyo aliyozungumza na polisi wa barabarani. "Pesa sina," alisema. "Yote imeingia kwa tairi ya lori."

"Basi nitaambia korti ije iangalie hizo tairi."

"Wewe! Ngoja." Alitoka kwa mlango wa nyuma, Wamae akimfuata, mpaka kwenye zizi. Akachagua kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga, ambao bado hawajazaa, wote wawili wamekatwa masikio kwa alama yake, mkato wa pembe tatu kama mkia wa mbayuwayu. "Chukua hawa. Na hiyo maneno iishe."

Hapo Wamae angeweza kuchukua kamba na kwenda zake, na hadithi hii ingeishia Nanyuki, kwa mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Gure, ambaye hununua wanyama bila kuuliza wamesomea wapi. Lakini gauni lina nguvu zake. Likikaa mkononi muda mrefu, mtu huanza kujiamini.

"Kwa ajili ya kumbukumbu ya sheria," alisema, akikohoa kama yule mzungu, "unatoa wanyama hawa kwa sababu ya nani?"

"Ya nani? Ya mtoto ya Ngendo! Sasa unataka niimbe?"

"Inatosha."

Mutahi alimkabidhi kamba. Kisha akarudi nyuma hatua kidogo, akamtazama bwana mwenye tai, kondoo mkono huu, mbuzi mkono ule, na kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni.

"Wakili, wewe ni wa wapi?"

"Nanyuki."

"Aaa. Nanyuki." Alishika mlango wa zizi asianguke. "Basi enda salama. Lakini chunga usipite karibu na boma iko na msichana!"

"Mbuzi na msichana vinahusiana nini?"

Kicheko kilimshinda Mutahi, akauachia mlango. Alikuwa amekaa chini. Wamae aliondoka akiwaza kwamba watu wa shamba huchekeshwa na kitu chochote chenye miguu minne.

*

Alikusudia kufika Mweiga, apate lori la kumpeleka Nanyuki. Mbuzi alikuwa tayari kwenda popote. Kondoo alikuwa amesoma sheria nyingine: kila baada ya hatua chache alisimama akafikiri. Wamae alimvuta, akambembeleza, akamwita "dada", akamtukana kwa Kiingereza cha mbwa. Ukungu ukashuka kutoka milima ya Nyandarua, ukageuka mvua. Viatu vyake vikajaa udongo mwekundu. Akalivaa gauni alilobeba, akajifunika mpaka magotini, na hivyo ndivyo alivyotokea kwenye njia inayopita kwa kina Ngendo, amevaa rasmi kuliko bwana harusi yeyote aliyewahi kuonekana Endarasha.

Ngendo alikuwa langoni na kikapu cha viazi.

"Wakili! Unanyeshewa! Kesi yangu je?"

Wamae alishtuka, akatabasamu, mambo mawili aliyoweza kuyafanya pamoja. "Mama Watiri. Kesi iko mensheni."

"Na Mutahi?"

"Mgumu kama jiwe. Nimemwomba, nimemtisha. Hajatoa hata sabuni."

"Na hawa?"

"Hawa? Hawa ni wangu. Nimenunua huko mbele."

Ngendo alitazama masikio ya kondoo. Akatazama masikio ya mbuzi. Alama ile ya mbayuwayu kila mtu wa upande ule aliijua. Wanyama wenye alama hiyo walikula mboga za watu na hakuna aliyethubutu kuwapiga. Hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele, tangu utoto. Alisimama tu mvua ikimchuruzika usoni, na kitu fulani ndani yake, kilichokuwa kimelala tangu alipomtoa yule jogoo, kikaamka na kukaa kitako.

"Ni wako kabisa?"

"Naapa."

"Basi ingia, mvua itakuua. Baba yuko na wazee ndani. Lakini kwetu mtu akija na wanyama kama hawa, anawakabidhi mwenye nyumba kwa mkono wake."

"Ni desturi?"

"Ni desturi," Ngendo alisema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Nyumbani mzee Theuri, baba yake, alikuwa ameketi na wazee wenzake kuzungumzia mfereji wa maji. Mlango ulipofunguliwa, walimwona mtu mweusi tititi kutoka shingoni hadi magotini, amelowana, ameshika kondoo na mbuzi. Mzee Theuri alimtazama kondoo, akamtazama mbuzi, akamtazama binti yake. Kisha akavua kofia, kitu ambacho hakumfanyia hata chifu.

Akasema maneno ya Kikuyu. Wamae aliambulia neno moja hapa na jingine pale. Ngendo akasimama kati yao kama mkalimani wa korti.

"Baba anauliza, hawa ni wako, au umetumwa na mtu?"

Wamae aliona mtego, akauruka kwa ustadi. "Mwambie ni wangu. Mimi situmwi."

Ngendo akatafsiri, bila kuongeza wala kupunguza. Wazee wakanong'ona.

"Anauliza, umewaleta hapa kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu kamili." Alipenda maneno ya namna hiyo. Yalimkaa vizuri, kama gauni.

Mzee Kihara, ndugu ya Theuri, mtu wa mashaka, aliinua fimbo yake na kuamua kutumia Kiswahili chake mwenyewe. "Wewe kijana! Unajua hapa iko mtoto? Mdogo hivi?"

Wamae alitoa lile tabasamu la wakili wa watoto, lililokwisha kumpatia kuku wengi. "Mzee, mimi niko hapa kwa sababu ya huyo mtoto!"

Kutoka jikoni wanawake wakapiga vigelegele vilivyotikisa mabati. Wamae akaona kwamba nyumba hii inaipenda sheria kuliko nyumba zote alizopata kuingia.

Wakamvua gauni wakalitundika ukutani likauke. Wanyama wakapelekwa nyuma ya nyumba. Akapewa kiti kizuri, pombe katika pembe, na bakuli la nyama lililokuwa limewekwa kwa ajili ya mchungaji. Mama yake Ngendo alikuja, akamshika mabega, akamtemea mate kidogo kifuani kumbariki. Wamae alishukuru, akatoa leso akajipangusa, akijiambia kwamba angalau hajalipia chochote.

Mvua ilipokatika alisimama. "Basi wazee, asanteni sana. Sasa nichukue wanyama wangu nishike njia."

Mzee mmoja alianza kucheka, wa pili akamfuata, na wote wakacheka wakigongana mabega.

"Wanasemaje?" Wamae aliuliza.

"Wanasema mkwe ni mcheshi," Ngendo alisema.

"Mkwe gani?"

*

Alimpeleka nje, karibu na kuni. Watiri alikuwa kiunoni mwake, anatafuna kiazi.

"Kondoo jike ambaye bado hajazaa tunaita mwati," Ngendo alisema. "Mbuzi jike ambaye hajazaa ni harika. Mwanamume akileta hao wawili kwa kina msichana, amemposa. Ndiyo mwanzo wa mahari. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua."

"Lakini mimi ni mtu wa lami!"

"Ndiyo. Nimeona."

"Nitakataa! Nitasema ilikuwa mvua!"

"Kataa. Umeapa ni wako. Umesema hukutumwa. Na umesema uko hapa kwa sababu ya huyu mtoto, mbele ya wazee saba wasio wa nyumba yetu. Bwana Ngatia alitaka shahidi mmoja tu, wakili. Mimi sasa niko na saba. Nikienda kwake kesho nimwambie baba ya Watiri amejileta mwenyewe na kondoo..."

"Lakini mimi si baba yake! Huo ni uongo, mama!"

Tuandike hapa kwamba alishtuka kwa dhati. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona uongo kutoka upande unaoumia.

"Mimi najua sio wewe," Ngendo alisema. "Wewe unajua. Mutahi anajua. Nani mwingine?"

Wamae alimtazama mtoto. Watiri alimtazama yeye, akafikiri, akamnyooshea kiazi alichokuwa amekwisha kukitafuna upande mmoja.

"Tugawane," Wamae alisema kwa sauti ya chini. "Wewe kondoo, mimi mbuzi. Kondoo ni mnono, angalia."

Ngendo alitikisa kichwa. Hakuwa anafurahia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka chini ya mtoto, na kama Wamae angeitazama badala ya kutazama njia ya kutorokea, huenda angejua kwamba mwanamke huyu hakuwahi kumtisha mtu maisha yake yote, na kwamba kelele moja tu ingemfanya amwachie. Lakini tapeli hutazama mifuko ya watu, hatazami mikono.

"Ama useme ile nyingine," Ngendo alisema. "Ukweli. Masikio ya hawa ilikatwa na nani, alikupa lini, na alisema ni kwa sababu ya nani. Useme kwa Ngatia, halafu kwa hakimu."

"Nikisema hivyo, nitakuwa nimesema mimi si wakili."

"Utakuwa umesema."

Ndani ya nyumba mzee Kihara alikuwa ameanza kuimba kwa sauti orodha ya vitu vinavyofuata: kondoo dume wa kuchinjwa, mablanketi ya akina mama, asali ya pombe, mbuzi wengine na wengine na wengine, na mengi yaliyohitaji mkwe kuwa na jamaa, shamba na mgongo wenye nguvu. Wamae alisikiliza, na safari hii alielewa kila neno. Redio ilikuwa imepata betri.

"Huyo Ngatia," aliuliza, "anafungua saa ngapi?"

Mzee Theuri alipoelezwa, alivaa kofia yake tena, polepole.

"Kumbe," alisema. "Na mimi nilikuwa nimeanza kumpenda."

*

Bwana Ngatia, alipoletewa shahidi akiwa mzima na amepauka, aliichukua kesi siku hiyohiyo, akasema alijua tangu mwanzo kwamba ni kesi nzuri sana. Gharama zake angemdai Mutahi wakishinda. Mawakili ni watu wa imani, mradi imani yenyewe iwe na masikio yaliyokatwa.

Siku ya kesi korti ilijaa. Nusu ya wanaume waliokuja hawakuwa na sababu yoyote, ila kila mmoja alitaka kujua jinsi ya kukaa akija kuitwa yeye. Mutahi alivaa suti ya kanisani. Wakili wake, kijana mrefu kutoka Murang'a, alikuwa amemwonya asifungue kinywa hata nzi akiingia.

"Kazi yako?" hakimu alimwuliza Wamae.

Wamae aliangalia gauni la Ngatia, aliangalia gauni la yule kijana mrefu. Yote mawili yalikuwa yamepigwa pasi vibaya.

"Mpiga pasi," alisema.

Kisha akaeleza yote: duka, zizi, mwati na harika, na swali aliloliuliza kwa ajili ya kumbukumbu ya sheria. Alieleza vizuri mno. Hakuwahi kuwa na ukweli mkononi kabla ya siku hiyo, akashangaa jinsi ulivyo mwepesi kubeba. Wakili kijana akasimama, akanyoosha kola, akasema kwamba huyu ni tapeli aliyekiri mwenyewe, na mteja wake hajapata kumwona hata siku moja. Hakimu akaanza kukuna kidevu. Ngendo, kwenye benchi la mbele, akambana Watiri kifuani. Aliona kidevu kile, akajua kesi inateleza.

Lakini Wamae naye alikuwa na uchungu wake. Kutukanwa alikuwa amezoea. Kusahauliwa hakuweza.

"Hajaniona?" alisema. "Mheshimiwa, huyu bwana alicheka mpaka akakaa kwa mavi ya mbuzi!"

Korti nzima iliangua kicheko, na mtu nyuma akalia kama mbuzi. Mutahi, ambaye kanisa lilikuwa karibu kumchagua, hakuweza kuvumilia.

"Muongo!" alipaza sauti, akijinasua mkononi mwa wakili wake. "Muongo, mwizi! Aliniambia yeye ni wakili!"

"Alikuambia lini?" hakimu aliuliza kwa upole.

"Ile siku nilimpa hiyo mwati na..."

Mutahi alikaa. Wakili wake naye akakaa. Watiri, kifuani kwa mama yake, aliendelea kunyonya kidole.

Hakimu akaamuru matunzo kila mwezi, na gharama za Ngatia. Wanyama wale wawili, akasema, walitolewa kwa sababu ya mtoto, na shahidi hajui vinginevyo, na mshitakiwa hajui vinginevyo. Kwa hiyo ni mali ya mtoto. Kisha akamgeukia Wamae, ambaye alikuwa ameanza kutembea kwa vidole kuelekea mlangoni, akamwambia kwamba kuna sheria nyingine, ya watu wanaojiita mawakili.

Kesi ya Wamae iliandikwa siku hiyohiyo. Ilipangwa kutajwa mwezi uliofuata, ikatajwa. Ikapangwa tena, ikatajwa tena. Kila mara alipanda kutoka rumande akiwa amevaa shati alilolilaza vizuri chini ya godoro lisipate mikunjo, na kila mara karani alimwambia neno lile, akashushwa tena. Alikuwa amewapa akina mama wengi neno hilo bila kujua uzito wake. Wanasema askari wa rumande hawakupata kuvaa suruali zenye mistari iliyonyooka kama mwaka ule.

Mwaka uliofuata Bunge liliifuta ile sheria ya matunzo. Ilisemekana kwamba waheshimiwa walishangilia kwa kupiga meza. Mutahi alisikia kwenye redio mchana, na tangu siku hiyo hakulipa tena, wala hakumwuliza mtu kama inafaa. Ngendo alisikia habari hiyohiyo kwa redio ya jirani, akakaa juu ya debe. Alifikiri juu ya ngazi zote alizopanda.

Halafu akasikia mlio nyuma ya nyumba, akaenda kutazama.

Mwati alikuwa amezaa usiku. Harika alikuwa amemtangulia, na wake walikuwa pacha. Wakubwa wa Nairobi waliweza kuifuta sheria. Kondoo hawakuweza kuwafuta. Zizi lile dogo lingekuja kumsomesha Watiri, mwanakondoo baada ya mwanakondoo, lakini asubuhi hiyo palikuwa na mmoja tu, amelowa, anatetemeka kwa baridi ya Endarasha. Ngendo aliingia ndani akatafuta kitu cha kumfunika. Msumarini, mahali liliponing'inia tangu siku ya mvua bila mwenyewe kulirudia, palikuwa na gauni jeusi.

Mwanakondoo alilala ndani yake kama hakimu mdogo. Watiri alimpa jina yeye mwenyewe, kwa neno alilosikia watu wazima wakilirudia nyumbani kuliko neno lingine lolote.

"Mensheni!" aliita kila asubuhi kutoka mlangoni. "Mensheni!"

Na huyu, akiitwa, alikuja.